Shavu Analopaka

Mtaa mzima wa maduka ulimwita Nusu, na mwenyewe aliitika. Aliuza vipodozi, na kazi yake ilikuwa uso wake. Kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa, Madam mwenye duka alimsimamia mbele ya kioo: osha uso, kausha, chovya pamba kwenye tona, yale maji ya kung'arisha ngozi, gongagonga shavu la kulia tu. La kushoto likae na sabuni yake hivyohivyo. Mteja akiingia, Nusu anageuza uso huku, anageuza kule. "Huku tona, huku hakuna. Jionee mwenyewe, dada." Mwaka wa kwanza shavu la kulia liling'aa kama sahani mpya, chupa zikatoka kama maji.

Mwaka wa tatu likachoka. Likaanza kuwasha, likabambuka, kisha yakaja madoa meusi yasiyosikia dawa wala maombi. La kushoto, lisilojua kitu zaidi ya sabuni, laini kama la mtoto.

Nusu akamwendea Madam roho mkononi. "Madam, hii tona inaniunguza. Tuache."

Madam akamshika kidevu, akamgeuzageuza kama anachagua nyanya. Hata aibu hana, mama yule! "Tuache nini? Kuanzia leo sema la kushoto ndilo unapaka. La kulia ndilo hulipaki."

"Lakini Madam..."

"Lakini mlango ule pale."

Haya, ungefanya nini wewe? Na uso ule angeajiriwa wapi tena? Tona akaacha kupaka, uongo akaubeba. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake wa kike, aliyemlea tangu mama yao afariki. Binti yuko shule bado, ana chunusi tatu za ujana, anazililia utadhani msiba. Nusu alishamwambia: "Tona usiguse. Hata tone. Umenisikia?"

Jumamosi moja duka limejaa, Madam kamsimamia mgongoni, Nusu anaimba wimbo wake: "Kushoto napaka kila siku, asubuhi na jioni. Kulia sipaki. Si mnaona wenyewe? Na leo ukichukua moja, unapewa ya pili bure." Kuinua macho, nyuma ya wateja wote kasimama mdogo wake. Anatazama shavu hili, anatazama lile. Nusu akamtikisia kichwa. Madam akakohoa.

"Chukueni kabla hazijaisha," Nusu akamalizia.

Jioni nyumbani akakuta chupa ya tona mezani.

"Nilikwambia nini mimi?"

"Uliniambia ni mbaya. Kumbe unapaka mwenyewe!"

"Sipaki! Dukani nasema uongo, mdogo wangu. Nalazimishwa."

"Dukani uongo, nyumbani kweli? Au kinyume chake? Dada, sema tu unataka kung'aa peke yako."

"We mtoto, hebu tazama hili shavu! Limeoza!"

"Si ndilo usilopaka?"

Nusu akainyakua chupa, akaimwaga yote kwenye sinki.

Jumatatu asubuhi mlango wa bafu umefungwa kwa ndani, na harufu anayoijua inatokea kwa chini. Chupa ya pili. Ile ya bure.

"Fungua."

"Nachelewa shule, dada."

Akagonga, akapiga teke, akabembeleza. Wapi! Saa nayo haingoji. Madam alikuwa tayari anafungua duka. Nusu akaenda jikoni, akanawa uso kwa sabuni, pande zote mbili, akaenda kazini.