Viatu Vilivyoanikwa Juani

Mtu akiniambia kazi ya ngoma ni raha, huguna tu. Mimi ngoma nimeifanyia kazi, tena nyuma ya jukwaa, na ninachokumbuka zaidi ni mgongo kuuma. Mgongo, na harufu ya soksi.

Ilikuwa Dubai, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Kampuni ya wacheza ngoma kutoka Ayalandi ilikuwa inazunguka dunia, na ilipofika kwetu ikakaa majira yote ya baridi katika ukumbi mmoja karibu na Oud Metha. Baridi yenyewe ni ya Dubai, usiniulize. Jua la mchana bado linakausha jinzi kabla hujamaliza kuanika nyingine. Wakala wetu wa kazi akatafuta wanawake wawili wa kuwavalisha wachezaji na kufua nguo zao. Akanichukua mimi, Mkenya wa Kakamega niliyechoka kusimama mlangoni mwa duka na sare ya ulinzi. Akamchukua na dada mmoja wa Tanga.

Huyu dada alinizidi umri kwa mbali. Ujana wake wote ulikuwa umeishia Ghuba katika kazi za ndani, nyumba baada ya nyumba, madam baada ya madam. Nyumba ya mwisho alilala stoo, kando ya magunia ya mchele, na simu yake ikafungiwa na mwenye nyumba. Wakala alimwambia bila kuzunguka: kazi ya ukumbini ni majaribio, ukiharibu unarudi majumbani. Naye siku ya kwanza tu, tukiwa kwenye basi kutoka Jebel Ali tulikokuwa tunalala, akaniambia, "Mdogo wangu, wakitaka nitafua hata hilo jukwaa lenyewe. Ila nyumba ya mtu sirudi. Heri nife." Nikamtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Ngoma yao ni ya ajabu. Kiwiliwili kimesimama wima, mikono imebanwa ubavuni, halafu miguu ndiyo inafanya fujo yote. Dada alipoiona mara ya kwanza alishika mdomo. "Jamani! Juu wako msibani, chini wako harusini!" Nilicheka mpaka madam wa mavazi, msimamizi wetu, akaja kututolea macho.

Lakini kicheko hakikudumu, kazi ilikuwa nyingi mno. Soksi zao hazisimami zenyewe, hugandishwa na gundi kwenye shavu la mguu, kwa hiyo unapiga magoti mbele ya kila msichana, unapaka, unavuta, unaangalia kama zimelingana. Wigi zao za mawimbi zinabanwa kwa vibanio mpaka mtu anatokwa na machozi. Magauni yanapigwa pasi ya mvuke, yanarudi yameloa jasho, yanapigwa tena. Nao wachezaji wenyewe, mama yangu! Jukwaani ni tabasamu hadi masikioni, wakivuka pazia tu mtu anajitupa sakafuni, miguu ndani ya ndoo ya barafu, anakula wali baridi kwa mkono kutoka kwenye kopo. Mimi nilikuwa nikidhani kuchoka ni kwetu sisi tuliokuja kutafuta. Kumbe hata wenye pasipoti nzuri wanachoka.

Katika wote hao, dada alimpenda binti mmoja mwembamba mwenye madoadoa usoni. Binti huyu alikuwa amesogezwa mbele kuongoza ngoma baada ya mwenzake kuumia goti, na hofu ilikuwa haijamtoka. Dada alimfundisha kusema shikamoo, naye akaisema kila siku, akiinamisha kichwa kabisa. "Marahaba, mwanangu," dada anajibu, halafu ananigeukia. "Unaona? Mzungu ana adabu kukushinda wewe. Ndiyo maana Kiswahili kilizaliwa kwetu kikaja kufia kwenu." Nami namjibu kwamba kilikufa kwa kuchoshwa na maneno ya Watanga.

Sasa, viatu. Wana viatu vyeusi vya ngozi, vizito, vyenye kipande kigumu cha faiba kwenye ncha na kisiginoni. Ndicho kinachotoa ule mlio. Vya yule binti vilikuwa vimechubuka, vimefungwa utepe, na harufu yake ni ya beberu aliyenyeshewa. Nyumbani kwetu kiatu kama hicho ni aibu ya mama mwenye nyumba. Jumapili jioni unachukua brashi na sabuni ya unga, unasugua mpaka soli, unakiegemeza ukutani kikauke. Mtu akikuoshea viatu bila kumtuma, ujue amekupenda. Na hapo ukumbini hakuna aliyetuambia visiguswe. Kwao hilo halikuhitaji kusemwa, kama vile kwetu hakuna anayekuambia usiloweke godoro.

Ijumaa moja, siku ya maonyesho mawili, nilikuwa napiga pasi asubuhi nikaona dada haonekani. Alirudi uso unang'aa. "Hebu njoo uone." Akanipeleka mlango wa nyuma, kwenye jua kali. Viatu vya binti viliegemea ukutani, safi, kamba zimefuliwa mbali. Nikasema ala, vimependeza. Kisha nikaokota kimoja, nikajaribu kukikunja. Hakikukunjika. Ngozi ilikuwa imejikunyata na kuwa ngumu kama ubao, na faiba ya mbele imeachia pembeni.

"Dada, hiki mguu utaingia?"

Alikichukua, akakibinya, akakibinya tena. Uso wote ukamshuka.

Binti alipokuja hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, viatu mapajani. Akaniambia kwamba vilimchukua miaka kuvilainisha hadi vikaujua mguu wake. Alikuwa na pea nyingine mpya ambayo haijawahi kuvaliwa, na hiyo alisema ingemuumiza zaidi. Akamtazama dada, aliyesimama amefumbata mikono tumboni. Kisha akaniomba maji ya moto. Akaviloweka, akasukuma miguu ndani huku ameuma midomo, nami nikafunga kamba.

Kuna mahali katika ngoma yao muziki unanyamaza, inabaki miguu yake peke yake, na chini ya jukwaa kuna maikrofoni. Siku hiyo ule mlio mkali haukutoka, ukatoka mlio wa kugonga debe bovu. Halafu faiba ikang'oka, ikateleza mpaka ukingoni mwa jukwaa. Akamaliza hivyohivyo, na tabasamu lake. Watazamaji wakapiga makofi, wao wangejuaje?

Pazia lilipofungwa, bwana aliyekuwa mkuu wa wachezaji akatukusanya sote. Alikuwa mwekundu shingo nzima. Akauliza nani amegusa viatu vile.

"Ni mimi," binti akasema. "Niliviosha mwenyewe."

Bwana akamwambia kwamba mchezaji asiyejua kutunza viatu vyake hafai kuongoza, na kuanzia jioni hiyo nafasi ile apewe mwingine. Binti akainama. Dada akaninong'oneza, "Anasemaje?" Nikamwambia. Laiti ningemdanganya! Nikaushika mkono wake nikaubana. "Nyamaza, dada. Mwenyewe ameshabeba lawama. Nakuomba, kumbuka wakala alichosema."

"Mtoto wa watu ananyang'anywa chake kwa ajili yangu, nami nikae kimya?" Akauchomoa mkono wake. Akajitokeza mbele na Kiingereza chake cha majumbani. "Sir, si yeye. Mimi nimeosha."

Bwana alimwangalia, akapangusa uso kwa kiganja, na nilimwona naye amechoka hadi mifupani. "Khalas, yaishe," akasema. "Binti abaki mbele. Tafuteni viatu, tuna onyesho lingine." Binti akamrukia dada shingoni, wote wawili wakalia. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Hatukumwona madam wa mavazi akitoka nje na simu sikioni.

Kesho yake mchana gari la wakala likaja. "Yalla, leta mzigo," dereva akasema. Nyumba ilikuwa imeshapatikana, familia yenye watoto wadogo, inamsubiri jioni hiyo hiyo. Dada hakuuliza hata ni wapi. Mimi nilipandwa na hasira, nikamfokea yule dereva, nikamwambia haya ni maonevu, huyu mtu alisema kweli mbele ya watu! Akanitazama tu. "Ukitaka na wewe panda, nafasi ipo." Nikarudi nyuma hatua moja. Niliogopa.

Dada alikuwa ameshakaa kitini, mfuko mapajani, ndipo binti akatoka mbio mlango wa nyuma, ndara miguuni na vidole vyote vimefungwa bendeji. Akaniuliza dada anakwenda wapi.

Dada akaiangalia ile miguu. "Mwambie nimepata onyesho lingine," akaniambia. "Kubwa kuliko hili."

"Dada..."

"Mwambie, mdogo wangu. Leo ana ngoma ya kucheza."

Nikamwambia. Binti akapiga ukelele wa furaha, akarukaruka na vidonda vyake vile, akabusu kiganja chake na kukibandika kwenye kioo cha gari. Na dada, ndani, akacheka naye, meno yote nje, akapunga mkono, akaendelea kucheka vilevile mpaka gari lilipokata kona.