Mafuta ya Alizeti Kwenye Upinde

Baba mkubwa simpendi. Neno hili naliandika hapa kwa sababu mdomoni halitoki. Miaka mingi alipiga besi ya kusimama, lile fidla kubwa, kwenye okestra za nje, akarudi mtaani kwetu Utemini na mvi na hilo libesi lake lililonizidi urefu. Siku hizi anafundisha muziki ukumbini kanisani kila Jumamosi. Tunaojifunza besi ni wawili: mimi na kijana wa mwinjilisti.

Mmoja wetu ndiye angepiga na kwaya Jumapili ya mavuno. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota. Darasani nikiulizwa swali naangalia viatu. Nyuma ya besi ningejificha na bado nikasikika.

"Unasonga ugali hapo," baba mkubwa aliniambia wiki moja. "Kule nilikokuwa ungetolewa hujafungua hata daftari."

Kijana wa mwinjilisti akacheka. Yeye besi yake inakoroma, ila anaikoromesha kwa kujiamini.

Jumamosi ya kuchaguliwa niliwahi kufungua ukumbi. Nywele za upinde, zile zinazosugua nyuzi, ambazo baba mkubwa huziandaa mwenyewe kabla hatujafika, zilikuwa na unga mweupe. Nikajua ni vumbi, maana kiangazi huku upepo unaingiza vumbi mpaka kwenye chumvi. Na kwetu kitu kikikauka kinapakwa mafuta ya alizeti: miguu, bawaba, ngozi ya ngoma. Nilikuwa na kichupa cha kupaka mikono. Nikapangusa unga wote, nikapaka nywele zile toka juu hadi chini, taratibu, nikijiona nimefanya la maana.

Baba mkubwa akafika, nikamwamkia, akachukua upinde atuonyeshe wimbo. Ukateleza juu ya nyuzi. Sauti hakuna. Akaunusa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, baba mkubwa. Zilikuwa kavu."

"Kavu! Ule unga ni utomvu, ndio unaokwaruza uzi ukalia! Umenikaangia upinde, mjinga wewe!"

"Bado kachumbari tu," kijana wa mwinjilisti akasema.

Sijui sauti niliitoa wapi. "Hujawahi kutuambia. Hata siku moja. Kila Jumamosi ni kule ulikopiga, halafu matusi. Sasa unafundisha nini?"

Nilisubiri kofi. Hakunipiga.

"Miaka miwili huna mdomo, leo ndio umeupata?" Akanyoosha mkono mlangoni. "Toka. Mavuno atapiga mwenzako."

Nywele alizisafisha kwa spiriti, nilisikia baadaye. Jumapili ya mavuno nilikaa kanisani na mama, mbele yetu mikungu ya ndizi, maboga na majogoo waliofungwa miguu.

"Utamwomba radhi lini?" mama akaninong'oneza.

"Na yeye je?"

Akanifinya paja.

Kabla kwaya haijaanza, baba mkubwa alitoa kipande cha utomvu mgumu, akamwinamia kijana wa mwinjilisti. Tulikuwa karibu, nikasikia kila neno. "Sugua hivi, polepole, mpaka uone unga. Usiguse nywele kwa vidole, vina mafuta." Kwa upole kabisa. Somo lile nililigharamia mimi, akampa yeye.

Wimbo ukaanza. Ubeti wa pili kijana akaikosa noti, akashuka chini mno, kwaya nzima ikayumba. Baba mkubwa akafumba macho. Mimi nilifurahi, humo humo kanisani, na wala sijatubu.