Barabara ilipopimwa, treni yetu haikuulizwa

Wakuu, heshima kwenu. Mimi niliishia la saba, mtanivumilia. Haya yalinikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Nilikuwa naishi kijiji cha reli, upande wa Mpwapwa. Kipindi kile cha ruksa, biashara zilipofunguliwa, mabasi ya watu binafsi ndiyo yanaanza kuwa mengi.

Kwetu gari la wagonjwa lilikuwa treni. Stesheni masta akisikia kuna mama analetwa na uchungu, anaizuia mpaka afike. Analazwa behewa la gadi, yule msimamizi wa treni, anapelekwa Dodoma mjini.

Binti yangu Neema alizaliwa kwa njia hiyo.

Wakaja wataalamu wa project ya barabara kuu. Wakatuuliza mkutanoni kama tunaitaka. Mgeni ukishamchinjia kuku humkatalii jambo, na kweli tuliitaka. Tukapiga makofi.

Mke wangu akanyoosha mkono.

"Shikamooni. Na treni itaendelea kusimama?"

Mtaalamu alimjibu kwa upole tu. "Mama, reli ina wenyewe. Sisi tumekuja kupima barabara."

Watu wakacheka. Jirani akamtania kwamba Mama Neema kaolewa na stesheni masta. Naye akacheka.

Lami ikapita ng'ambo ya mlima. Abiria wa miji mikubwa wakahamia kwenye mabasi, treni zikapunguzwa, mwisho stesheni yetu ikafungwa. Ya mizigo ikawa inapita bila kusimama.

Mimba ya pili, uchungu ukaanza vibaya.

Tulimbeba na kitanda mpaka kwenye lami. Basi la kwanza likapita. La pili likasimama, konda akaliangalia shuka lililolowa damu.

"Kaka, huyu simpakii. Abiria watanishukia."

Alifia pale pale barabarani, kichwa mapajani kwangu. Mtoto naye.

Pengine hata kwenye treni angekufa. Sijui. Miaka yote hii sijui, na hilo ndilo linanimaliza.

Lami ni nzuri, siwezi kudanganya. Naipita kwa basi nikienda kumwona Neema, anaishi Ipagala, Dodoma mjini. Tukifika pale nafumba macho.

Nilichojifunza ni kidogo. Kama humu kuna mkuu anayepima barabara, usiishie kuuliza watu kama wanaitaka. Waulize mgonjwa wao leo anapanda nini, na kesho nani atamsubiri.

Mwenye la kusema aseme, hata la kunipinga, nitasoma.

Naomba tu msiniambie siku yake ilikuwa imefika. Mke wangu aliuliza mapema, mchana kweupe, mbele ya watu wote.