Ahame Mwenye Miguu

Mama Pacha hakuumbwa kwa kubembeleza watu. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akasoma hapa akitafuta mwanamke mpole. Yeye anashona sare za shule, mimi nashona mapazia, cherehani zetu zinatazamana, na katikati kuna meza ya kukatia ambayo kila mmoja wetu anadai ni yake. Mteja akileta kitambaa kifupi akataka gauni refu, mimi humzungusha kwa maneno matamu. Yeye humwambia, hapa inatoka blauzi, na ushukuru.

Alipojifungua pacha, wa kiume na wa kike, tulisema sasa atapoa. Hakupoa. Siku ya kurudi kazini alikuja nao, akalikung'uta lile kasha kubwa la mbao tulilokuwa tukitupia masalio ya vitambaa, akatandika blanketi likanyooka kama limepigwa pasi, akawalaza chali, mmoja huku mmoja kule. Mimi kwa mapenzi yangu nikawashonea kamto kadogo kenye marinda. Akanirudishia. Mtoto mchanga, alisema, hahitaji mto wala kitu chochote karibu na pua yake, na kama nina hamu ya kupamba, nikapambe madirisha ya watu. Nilinuna mpaka jioni.

Wa kiume tulimpa jina la Mstaafu. Akishashiba anarusha mikono juu ya kichwa na kulala kama mtu aliyemaliza kazi zote za dunia. Wa kike ni King'ora, na jina linajieleza.

Kwa King'ora kila mteja alikuwa daktari. Huyu anasema maziwa ya mama ni mepesi, yule anasema mtoto kazoeshwa mikono. Mmoja aliyekuja kuchukua sketi za wanawe alishauri kijiko cha dawa ya kikohozi, mtoto alale kama gogo. Mama Pacha alimwuliza kama na yeye hunyweshwa dawa ya kikohozi kila anapoongea sana. Yule mama alilipia sketi zake, akaondoka bila kuaga. Muuguzi wa kliniki alishampima mtoto, akamwona ni mzima na uzito unapanda, akasema wapo watoto wa kuamkaamka, ni kuvumilia tu. Kuvumilia hakuuzwi kwenye chupa, ndiyo maana watu hawakuridhika.

Shida ya kweli ilikuwa Baba Pacha. Ni mwoka mikate, mtu wa kutoka nyumbani kabla jogoo hajakohoa, na chumba chao ni kimoja. King'ora akilia, analia sikioni mwa baba yake. Siku moja alisinzia kazini akiwa amesimama mbele ya tanuri, trei ya moto ikamlamba mkono kutoka kiwiko kwenda kwenye kiganja. Hapo utani ukaisha.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na mpaka leo hajaacha kumlea, ingawa mtu ana ndevu. Alikuja kuutazama mkono, akalia, akafuta machozi, akatoa hukumu: King'ora ahamie kwake, upande wa pili wa mji, mpaka atakapojifunza kulala. Mstaafu abaki, yeye hana kosa. Baba Pacha aliitazama bendeji yake na hakusema kitu. Kwa watu wa ukoo ule, kunyamaza ni kutia sahihi.

Mama Pacha alinisimulia hayo kesho yake akiwa anakata kola. Kwa mara ya kwanza nikamwona anakata kola mbaya.

Nikamwuliza mtoto atanyonya nini huko. Akasema wifi yake kamjibu kwamba maziwa ya kopo yapo. Kisha akaweka mkono kwenye ukingo wa kasha na hakuuondoa mpaka mteja alipoingia.

Mchana wifi mwenyewe akatokea na begi la bluu. Alikuwa ameshapitia nyumbani, amekusanya nepi, vifulana na kofia za King'ora, zipu imefungwa. Watoto wote wawili walikuwa wamelala. Akanong'ona kwamba amchukue sasa hivi, mtoto asijue.

Mama Pacha hakuondoa mguu kwenye pedali. "Kaa, wifi. Namalizia kola hii. Wewe watazame tu, usimguse yeyote."

Akamsogezea kigoda mpaka pembeni ya kasha. Mimi nikajifanya natafuta uzi.

Haukupita muda, Mstaafu, mtoto wa mfano, akafumbua macho. Akatazama dari. Akageuza shingo, akanyonya ngumi, akaguna kidogo, kope zikashuka tena. Wifi akainua nyusi, akasema kumbe na huyu huamka. Cherehani iliendelea. Baadaye kidogo ikawa zamu ya King'ora. Akakunja uso, akafumbua macho, na kabla macho hayajamaliza kufunguka mdomo ulishatangulia. Wifi akasahau amri, akamnyanyua.

Cherehani ikanyamaza.

"Umewaona?" Mama Pacha akasema. "Wote wanaamka. Usingizi wa mtoto ni vipande vipande, kama masalio yaliyokuwa kwenye kasha hilo. Yule akiamka anajinyamazia. Huyu akiamka anauliza kama nipo. Sasa unataka nimjibu kwamba sipo?"

Wifi si mtu wa kushindwa kwa sentensi moja. Akasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

"Basi nitalia. Nyumba yangu, machozi yangu."

"Na ndugu yangu je? Kaungua mkono, kesho ataingia tanurini mzima. Mtoto ana mdomo huyu."

"Mdomo anao. Ila katika ukoo wenu, tangu lini mtu akahamishwa kwa sababu ya mdomo? Si ungeanza wewe."

Nilimwona wifi akiuma shavu ili asicheke. Lakini hakucheka, kwa sababu la mkono lilikuwa kweli, na sote watatu tulijua ni kweli. Hapo hata mimi niliacha kutafuta uzi.

Mama Pacha akainuka, akalichukua lile begi, akafungua zipu, akamwaga nepi na kofia zote juu ya meza, upande wangu bila shaka. Kisha akaenda kwenye kamba tunayotundikia nguo zilizokwisha, akashusha mashati ya mumewe aliyokuwa ameyabadilisha kola, na suruali mbili, akazikunja moja moja na kuzipanga ndani ya begi.

"Umesema kweli, wifi. Chumba kile mtu mmoja ahame. Basi ahame mwenye miguu. Mchukue ndugu yako. Ulimlea mwenyewe, unamjua. Hanyonyi, halii, na usiku analala moja kwa moja akipewa nafasi."

"Unamfukuza mumeo?"

"Simfukuzi. Namlaza."

Wifi akanitazama mimi, anatafuta mtu mwenye akili. Nikamwambia begi lile ni zuri, lina nafasi. King'ora alikuwa ameshasinzia begani kwake.

Baba Pacha alipopita jioni akakuta mambo yamekwisha. Alilalamika kwamba wenzake watasema ameachika. Mkewe akamwuliza kati ya hao wenzake ni yupi atakayemshikia trei akisinzia tena. Akaenda. Na kweli walisema ameachika, na majirani wakasema mama gani huyu anachagua kelele kuliko mume. Mama Pacha aliwasikia wote, akaendelea kupiga vifungo. Kila siku mwanaume akitoka kazini alipitia kwetu, akamchukua King'ora na kumtembeza kati ya mapazia yangu, mkono wenye bendeji ameuweka mbali, akimwimbia vibaya. Mkono ukapona.

Akarudi nyumbani mwenyewe kabla hajaitwa. Dada yake, alisema, alikuwa anamgongea mlango kila usiku kumwuliza kama analala vizuri.

King'ora ana meno sasa. Bado anaamka, ila mara nyingi ananung'unika tu kama mzee aliyekanyagwa, kisha anarudi usingizini mwenyewe. Yule wa dawa ya kikohozi anasema tulifuata ushauri wake. Mama Pacha anasema mtoto hakufundishwa na mtu, amekua.

Juzi wifi alitaka begi lake. Hakupewa. Liko chini ya meza, tupu, zipu wazi, na yeyote mwenye wazo jipya kuhusu nani alale wapi anaonyeshwa mahali lilipo.