Nilimsingizia Mjane wa Rwega Mbele ya Kamera

Nimekosa. Naanza na hilo, maana nikianza na vita au na ugonjwa utanihurumia kabla hujajua nilichofanya.

Nilimsingizia mjane wa rafiki yangu. Wala sikuwa kilabuni nimelewa rubisi. Ilikuwa mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti, kamera iko mbele yangu, akili zangu timamu!

Rafiki yangu aliitwa Rwegasira, sisi tulimwita Rwega. Alikwenda vitani Uganda na vijana wengine wa Buhembe, akarudi mzima na kaseti moja mfukoni, haina hata jalada. Muziki wa kizungu, magitaa yananguruma kama lori linalopanda mlima, na mtu anaimba kama anachinjwa. Mimi nilicheka. Rwega hakucheka. Alisema, "Huu ndio unaofanana na kule nilikotoka. Rumba haiwezi."

Basi tukaanzisha bendi. Rwega aliimba na kupiga solo, mimi nilipiga besi, Kabyemera ngoma. Spika tulizichana kwa wembe ili gitaa likorome, umeme tukautoa kwenye betri ya gari. Wazee walisema tumepagawa. Vijana walitupenda! Tulipiga Bukoba mjini, tukapiga Muleba, tukashuka hadi Kimwani, na huko ndiko Rwega alikompata Kokushubira. Koku. Binti aliyekuwa akifuata samaki visiwani na kuwauza bara. Akamwoa, akamleta Buhembe kwenye kibanja cha migomba alichoachiwa na baba yake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ilipo dhambi yangu.

Miaka ile ya baada ya vita mimi na Rwega tulikuwa tukienda mpakani kwa biashara za magendo. Rwega alikuwa na mwanamke huko. Alikuwa naye kabla ya Koku, na hakumwacha alipomwoa Koku. Yule mwanamke akaanza kukonda. Akafa. Mimi na Rwega tulikwenda kumzika kimyakimya, tukarudi, hatukulizungumza tena. Kwa hiyo mimi nilijua. Katika Buhembe nzima, aliyejua ni mimi peke yangu!

Rwega naye akaanza. Kwanza kikohozi, kisha sauti ikapotea, kisha nyama mwilini. Ugonjwa huo, huu mnaouita UKIMWI, sisi tulikuwa tukiuita Juliana, kwa kuogopa kuuita jina jingine. Alikufa asubuhi, wakati mkewe anamchemshia uji.

Kwenye mazishi sikulia. Usinielewe vibaya, nilimpenda. Lakini tulikuwa tumezika mno. Ulikuwa unatoka kuzika kwa huyu, unapitia kuzika kwa yule, na jembe ni lilelile. Nilisimama pale kaburini nikawaza kwamba ile migomba inahitaji kupaliwa. Basi. Hayo tu.

Kabyemera alisema bendi tuifunge. Koku akakataa. Alikuja tulipokuwa tunafanyia mazoezi, kamfunga mtoto mgongoni, akasema, "Nyimbo zake nazijua zote. Nani alikuwa anamsikiliza kila siku kama si mimi? Pigeni."

Tukapiga. Mama yangu! Sauti ile ilitoka wapi? Alipofika pale ambapo Rwega alikuwa anapiga ukelele, yeye hakupiga ukelele, aliomboleza kama wanavyoomboleza wanawake wetu msibani, juu ya magitaa yanayokoroma. Kabyemera aliacha kupiga ngoma akafunika uso.

Watu wakaanza kuja kutuona. Waliofiwa walikuja, na nani hakufiwa? Walikuwa wanaruka na kulia hapohapo. Habari zikafika mbali, hadi akaja kijana mpiga filamu kutoka Dar es Salaam, anaitwa Sefu. Alitaka kutengeneza filamu ya kweli, siyo ya kuigiza, juu ya bendi iliyofiwa ikaendelea.

Kamera yake ilimpenda Koku. Koku anaimba, Koku anapalilia, Koku anamnyonyesha mtoto. Mimi niliyeianzisha bendi na Rwega nilikuwa naonekana mkono tu, pembeni ya picha. Ndugu yangu, unajua wivu wa mtu asiyehisi kitu? Huzuni sikuwa nayo, furaha sikuwa nayo, lakini wivu ulibaki. Mzima kabisa!

Siku ikafika ya mimi kuhojiwa. Sefu alinikalisha ufukweni, ziwa nyuma yangu.

"Kaka, Rwega aliondokaje?" aliniuliza.

Ningeweza kusema aliugua. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Rwega aliletewa. Mke wake alikuwa mtu wa visiwani. Wanawake wanaolala visiwani na wavuvi, wewe si unajua wanachorudi nacho?"

Sefu alizima kamera, akaanza kukunja nyaya zake. Halafu akaniuliza taratibu, "Hilo ulilosema, una hakika nalo? Niliache au nilikate?"

Aliniuliza! Mlango alinifungulia.

Nikamwambia, "Liache. Watu wajue."

Sefu akaenda, msimu ukapita, akarudi na filamu. Akaionyesha kwenye ukumbi wa kanisa baada ya ibada, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, shuka jeupe ukutani. Ukumbi ulijaa. Watu walicheka kujiona. Rwega hakuwepo kwenye filamu ile, ila Sefu alikuwa ameonyesha picha yake moja ya jeshini, na wazee wakaguna kwa uchungu. Koku alikuwa amekaa karibu nami, mtoto kalala mapajani mwake. Alininong'oneza, "Tazama, tumependeza."

Kisha ukatokea uso wangu, mkubwa, ukuta mzima. Na maneno yakatoka.

Mama aliyekaa upande wa pili wa Koku alisogea kidogo kwenye benchi. Kidogo tu. Koku hakulia. Alinitazama, akamwinua mtoto, akatoka.

Wiki ileile ukoo ukakaa. Kaijage, kaka mkubwa wa Rwega, alikuwa anakitaka kile kibanja tangu zamani, ila alikosa pa kushika. Mimi nilimpa. Alisema mbele ya wazee, "Hata rafiki wa marehemu kasema, na sisi sote tumesikia." Koku alijitetea, hakusikilizwa. Nilikuwepo! Nilikaa kwenye majani pamoja na wanaume wengine, na swali lilipoulizwa kama kuna mwenye neno, nilitazama vidole vya miguu yangu.

Alirudi kwao Kimwani na mtoto na sufuria zake.

Kabyemera alikuja kuchukua ngoma zake. Nilimwambia tutafute mwimbaji mwingine. Akasema, "Nimezika watu wengi, lakini hakuna niliyemuua. Sipigi tena na wewe." Bendi ikafa hapo. Kifo cha Rwega hakikuiua, mimi niliiua.

Miaka mingi nilisubiri Koku augue. Nasema kweli, kwa kuwa nimeamua kusema. Nilisubiri, ili angalau nionekane sikukosea. Hakuugua. Wala mimi sikuugua, ingawa mpakani tulikuwa wote. Sijui kwa nini. Nilidhani siku moja nitashukuru, lakini sihisi kitu.

Hatimaye nilikwenda Kimwani. Nilimkuta uani anaanika maharage, amenenepa kidogo, mvi zimeanza. Binti yake alikuwa mtu mzima.

"Kasinge, waitu," nilimsalimia.

Aliitikia. Heshima ya kwao hakuisahau. Binti akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

Koku akasema, "Alikuwa anapiga gitaa na baba yako." Akamwagiza maji ya kuninywesha.

Kumbe hakumwambia! Miaka yote ile, mtoto hakuwahi kulisikia jina langu kwa ubaya. Hapo nilitamani anitukane.

Nikamwambia yote, habari za yule mwanamke wa mpakani na maziko yale. Alisikiliza huku anachambua maharage. Nikamwomba msamaha.

"Mimi nilishajua sikumuua mume wangu," alisema. "Ulikuwa na haja gani ya kuja kuniambia mimi? Waambie waliokusikia. Uliwaambia kwa uso wako, waambie kwa uso wako."

Nilikwenda kwa Kaijage. Alikuwa mzee, amekaa barazani, kibanja cha Rwega kimeunganishwa na chake, migomba imekolea vizuri. Nilimweleza. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Ukoo hauwezi kukaa tena kwa sababu wewe umezeeka na unaogopa kufa. Kunywa chai uende zako."

Nikanywa chai. Ndiyo, niliinywa! Nikaenda zangu. Kanisani sikusimama. Nilipanga Jumapili moja, nikapanga na nyingine. Wengi waliokuwa ukumbini siku ile wameshakufa, na waliobaki wananisalimia vizuri.

Wewe unayesoma, kama umefiwa na unatafuta wa kumlaumu, usimtazame mjane. Huyo ndiye aliye karibu, ndiye asiye na wa kumtetea, na ulimi unamfikia upesi kuliko wote. Na kama ukweli unao wewe peke yako, useme mapema, wakati kuna mtu wa kurudishiwa kitu.

Na ukisema, taja jina lako. Mimi hata hapa nimeshindwa.