Siku Nilipopata Hasi Mbili

Harufu ya mpunga mpya ukitwangwa hunishika hata leo. Kabla sijajua ni kinu cha nani, nimekwisha rudi Wamaza, kijijini kwetu, miguu imelowa umande, nikipalilia nyuma ya mama. Shamba lile alizoea kulimaliza peke yake kwa siku sita. Nilipokua na kushika jembe, tukalimaliza kwa siku nne. Alisema kidole kimoja hakivunji chawa, kisha akanitania papo hapo: "Ukipalilia weye, majani inacheka!"

Nilipofika miaka kumi na mitatu alinipakia kwenye pikipiki, akanipeleka mjini Kasongo kwa shangazi yangu. "Kaa, usome," akasema, kisha akapanda tena pikipiki. Kwa shangazi wali haukukosekana, lakini hakuna aliyenitania. Jioni nilikaa mlangoni nikisikiliza pikipiki zinazotoka njia ya Kabambare, upande wa kwetu, na hata moja haikusimama. Nikajiambia: ameniacha kwa sababu simfai kitu. Nawaambieni nyinyi tu. Wakati ule sikumwambia mtu.

Siku moja mwalimu wa hesabu, akitufundisha milinganyo yenye sehemu, alitaka kila mmoja atunge swali la kazi ya kwao. Nikaandika shamba letu: mama peke yake siku sita, mimi naye siku nne, je, mimi peke yangu siku ngapi? Nikaweka 6 + x = 4. Jibu likawa hasi mbili. Msinicheke, nililiamini. Hata hesabu ilijua kwamba mimi ni pungufu ya bure! Machozi yakadondoka kwenye daftari.

Mwalimu akainama. "Mutoto wangu, masiku haiunganishwe vile. Unganisha kazi ya siku moja. Mama yako, mu siku moja, anamaliza nini?"

"Moja ya sita," nikasema.

"Na nyinyi wawili?"

"Moja ya nne."

Akaandika 1/6 + 1/x = 1/4. Tukazidisha kote kwa 12x, tukapata 2x + 12 = 3x, na x ikawa kumi na mbili.

"Unaona? Kazi yako iko mule," akasema. "Kila siku moja ya kumi na mbili. Mu siku ine, moja ya tatu ya shamba."

Theluthi nzima! Nilirudi kwa shangazi nikitembea kama mwenye shamba, na kwa majuma kadhaa furaha ile ilinitosha.

Sasa nina binti yangu, na ndipo nimeona upande wa hesabu ile ambao sikuusoma. Kama theluthi ilikuwa yangu, basi siku aliyonipakia kwenye pikipiki mama alijua kwamba anarudi kwenye siku sita. Alijua bila x wala daftari. Kila palizi aliinama siku mbili zaidi, hana wa kumtania, nami Kasongo nililia nikidhani aliyeachwa peke yake ni mimi.