Kibanda cha Matandiko

Hali ya Hatari ilipolegea, bwana wa shamba letu la ngano kule Njoro aliwapeleka wageni wake kuvua samaki kwenye mbuga ya wanyama juu ya milima ya Nyandarua. Wapagazi tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu, pamoja na nyapara na mpishi. Sisi ni watu wa magharibi, hatukushukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, ndiyo maana tuliruhusiwa kupanda. Lori lilituacha barabara ilipoishia, tukabeba mizigo.

Huko juu hakuna miti ya maana. Kuna nyasi za mafungu na mimea kama kabeji iliyozidi mtu kimo. Maji ya mtungini yaliganda jua likiwa bado liko. Kulikuwa na nyumba moja ya mbao.

"Hii nyumba ya wageni," bwana alisema. "Nyinyi hapana lala hapa. Tafuta mahali ingine."

Nyapara akaitikia haraka, "Usijali, bwana. Hawa ngozi yao ya kiboko."

"Na yako ni ya nini, nyapara," kaka alimuuliza, "mbona umebeba blanketi tatu?"

Mpishi alicheka. Nyapara hakucheka.

Tulizunguka tukitafuta. Chini ya mwamba palikuwa na kinyesi cha chui. Mwishowe tukapata kibanda cha mabati cha kuwekea matandiko ya farasi. Nyapara alituletea debe la makaa yanayowaka. "Ingizeni ndani, mfunge vizuri," akasema, akarudi kulala jikoni.

Kwetu moto hulala ndani na watu. Nyumba ni ya nyasi, inapumua. Mabati hayapumui, hilo hatukulijua. Mimi ndiye niliyeziba nyufa kwa magunia. Kaka alinisukuma nikalale mlangoni, akisema mimi nakoroma.

Asubuhi nilijikuta nje, nikitapika kwenye barafu. Kaka hakuamka.

Bwana alivua hadi saa sita, maana samaki walikuwa wanashika ndoana. Nyapara alimwambia marehemu alikuwa mgonjwa wa kifua tangu zamani. Nilikaa juu ya matandiko nikala ugali alionipa mpishi, nikaumaliza.

Ni bwana aliyetunyima sakafu. Ni nyapara aliyeleta debe. Magunia ni yangu.

Mama aliuliza jambo moja tu: alilala wapi, na baridi ile?

"Ndani, mama," nikamwambia. "Palikuwa na joto."

Akashukuru.